Pima Kwanza, Uliza Bei, Ndipo Ununue Miwani

Ndugu mkulima, kila msimu ofisi yetu hukuuliza habari za mbegu zako, mbolea yako na dawa ya kuogeshea ng'ombe wako. Leo nataka kukuuliza habari za macho yako. Je, waweza kusoma maandishi madogo yaliyo ubavuni mwa chupa ya dawa ya kupe? Waweza kutia uzi katika tundu la sindano bila kumwita mtoto? Je, wasoma mwenyewe hesabu ya maziwa yako katika kitabu cha chama cha ushirika, au wamwamini karani kwa kuwa tarakimu huzioni?

Ikiwa jibu lako ni "siwezi", usione haya. Mtu akifikia miaka 40 hivi, lenzi iliyo ndani ya jicho huanza kuwa ngumu, ikashindwa kubadili umbo lake ili ione vitu vya karibu. Jambo hili huwapata watu wote, aliyesoma na asiyesoma. Ndiyo sababu wazee huishika barua mbali na uso, kana kwamba ina moto. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika taarifa yake ya mwaka 2019 kwamba watu milioni 826 ulimwenguni walikuwa na shida hii bila kupata msaada. Na msaada wenyewe ni miwani tu.

HASARA YA KUTOONA

Fikiri habari ya dawa. Kibandiko chaeleza kipimo cha dawa katika maji. Asiyeona vema akizidisha, amepoteza fedha na kuhatarisha ng'ombe wake na mikono yake. Akitia pungufu, kupe hawafi, na wale wanaobaki huizoea dawa. Fikiri pia habari ya mbegu. Dumuzi aliye ndani ya mahindi huonekana mapema kwa mwenye macho mazuri. Mwingine humwona gunia likiwa limekwisha kuwa unga.

Huko Assam, nchi ya India, wataalamu waliwachukua wachuma chai 751 wenye miaka 40 na zaidi ambao hawakuona vema vitu vya karibu. Baadhi walipewa miwani mara moja, na wengine wakangoja mpaka uchunguzi umalizike. Matokeo yalitangazwa mwaka 2018. Kazi ya waliopewa miwani ilizidi ya wenzao kwa karibu asilimia 22. Hawakuongezewa mbolea wala mashamba. Walipewa miwani tu. Ninyi mlio na chai huko Sotik na Nandi, lifikirini neno hilo.

Wahenga walisema heri kufa macho kuliko kufa moyo. Ni kweli, lakini mkulima ana haja ya vyote viwili. Basi miwani si pambo la mjini. Ni chombo cha kazi kama jembe, nayo yapasa inunuliwe kwa akili ile ile unayonunulia jembe.

USICHANGANYE KUPIMA NA KUNUNUA

Shauri kubwa la makala haya ni moja: kupima macho ni kazi ya kwanza, kununua miwani ni kazi ya pili, na kazi hizi mbili si lazima zifanyike chini ya dari moja. Akupimaye na akuuziaye wakiwa mtu mmoja, nawe huna karatasi mkononi, huwezi kulinganisha bei. Lakini ukiwa na karatasi ya vipimo vyako, kila duka la Nairobi ni soko lako.

Mwaka jana mzee mmoja wa skimu yetu aliuza ndama, akaniomba nimsindikize Nairobi kutafuta miwani. Kwa miaka mingi alikuwa mweka hazina wa chama chao cha maziwa. Akaacha kazi hiyo, kwa kuwa 3 na 8 zilikuwa zikimchezea kitabuni. Baadhi ya watu walikwisha kuanza kunong'ona kwamba hesabu hazilingani. Kwake yeye hili halikuwa jambo la macho tu, lilikuwa jambo la heshima yake.

Tuliingia duka moja katikati ya jiji. Alipimwa bure kwa dakika chache, akaambiwa kwamba miwani yake ni shilingi 14,500, naye atoe nusu hapo hapo. Alipoomba karatasi ya vipimo, akaambiwa atapewa akisha lipa. Mzee akazirudisha fedha zake mfukoni. "Asante, kijana," akasema. "Hata ng'ombe sinunui kabla sijamwona akitembea." Tulipotoka nje akaniambia, "Mwalimu, nipeleke kwa mtu asiyeuza kitu."

Siku ya pili tulikwenda hospitali ya macho. Alitiwa matone ya kupanua mboni, kisha daktari akachunguza ndani mpaka nyuma ya jicho. Jicho la kulia lilihitaji miwani tu. La kushoto lilikuwa na mtoto wa jicho, yaani ile lenzi ya ndani ilikuwa imeingia ukungu. Miwani ya shilingi 14,500, hata ingekuwa ya dhahabu, isingeliondoa ukungu huo. Dawa yake ni kupasuliwa na kuwekewa lenzi nyingine.

Mzee alipasuliwa, akapona, akapimwa upya, ndipo tukaanza kuulizia bei. Kwa karatasi ile ile, duka la kwanza lilitaja shilingi 9,800, la pili 6,500 na la tatu 4,200. Tulinunua katika la tatu. Kati ya 14,500 na 4,200 pana tofauti ya shilingi 10,300. Ukiuza maziwa yako kwa shilingi 50 kwa lita, hizo ni lita 206. Na mkutano mkuu wa chama umemrudishia mzee vitabu vyake.

PA KUPIMIA

Anza nyumbani. Hospitali nyingi za kaunti zina kliniki ya macho yenye maafisa wa tiba waliosomea kazi hiyo. Huenda usiwe na haja ya kufika Nairobi hata kidogo.

Ukilazimika kwenda, ujue njia yako. Atokaye Kinangop, Ol Kalou, Molo, Lugari au Kitale huingia Nairobi kwa barabara ya Nakuru. Watu wengi hulala usingizi garini mpaka katikati ya jiji, kumbe wamepita mahali pema pa kupimia macho. Kabla ya kufika mjini, gari hupita karibu na Kikuyu, kisha Uthiru, Kangemi na Westlands.

Huko Kikuyu, kilometa 20 hivi kutoka katikati ya jiji, ipo Hospitali ya PCEA Kikuyu. Ilianzishwa na wamisionari wa Scotland mwaka 1908, na idara yake ya macho hupokea wagonjwa kutoka pande nyingi za nchi. Loresho, si mbali na Kangemi, ipo Hospitali ya Macho ya Lions SightFirst. Na Hospitali Kuu ya Kenyatta, upande wa Barabara ya Ngong, ina kliniki yake ya macho. Huko ni vema uende na barua kutoka hospitali ya kwenu. Watokao Mwea au Machakos huingia jijini kwa njia nyingine, lakini magari ya Kangemi na Kikuyu wanayapata mjini.

Fika asubuhi na mapema. Chukua kitambulisho chako. Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua mahali pa NHIF. Kwa hiyo, kabla ya kuhudumiwa, uliza dirishani ni kitu gani kitalipwa na SHA na kitu gani utalipa mwenyewe. Kama mboni zitapanuliwa kwa matone, macho yako yatakuwa na kiwi kwa saa kadhaa. Basi uwe na mtu wa kukushika mkono barabarani, wala usipange kuendesha gari siku hiyo.

JINSI YA KUISOMA KARATASI

Usitoke hospitalini bila karatasi ya vipimo. Herufi zake si uchawi, maana yake ni hii:

R au OD ni jicho la kulia. L au OS ni jicho la kushoto.

SPH ni nguvu ya lenzi. Yenye alama ya kutoa ni ya mtu asiyeona mbali, na yenye alama ya kujumlisha ni ya kusaidia macho yanayopata taabu kwa vitu vya karibu.

CYL na AXIS huandikwa ikiwa uso wa jicho haukuviringana sawasawa kama mpira, bali umeelekea umbo la yai. CYL ni kadiri ya kasoro hiyo, na AXIS ni upande inakoelekea.

ADD ni nguvu inayoongezwa kwa ajili ya kusomea.

PD ni umbali kati ya mboni mbili, kwa milimita. Wapimaji wengine hawaiandiki. Omba iandikwe, maana lenzi isipokaa mbele ya mboni sawasawa, miwani huleta maumivu ya kichwa hata kama nguvu yake ni sahihi.

Nakili tarakimu hizi katika daftari yako ya shamba, usije ukapoteza karatasi ukarudi kulipa tena.

KUTEMBEA MADUKANI

Maduka ya miwani ni mengi katikati ya jiji, katika Kenyatta Avenue, Moi Avenue na mitaa ya kando yake, na mengine yamo ghorofani ambako mpita njia hayaoni. Ukivuka Tom Mboya Street kuelekea River Road utakuta mengine. Upande wa magharibi, kama pale Sarit Centre katika Westlands, maduka ni mazuri na viti ni laini, lakini kumbuka kwamba kodi ya nyumba hulipwa na mnunuzi. Gazeti hili halitangazi biashara ya mtu. Nakuambia tu, usinunue kabla hujauliza katika maduka matatu.

Usiulize, "Miwani ni bei gani?" Swali hilo ni kama kuuliza, "Ng'ombe ni bei gani?" Onyesha karatasi yako, uulize hivi:

1. Fremu peke yake ni shilingi ngapi, na ya bei ya chini kabisa ni ipi?
2. Lenzi mbili peke yake ni shilingi ngapi?
3. Kuna kitu kilichopakwa juu ya lenzi? Kina kazi gani, na bila hicho bei ni ngapi?
4. Lenzi zikikosewa, nani atalipa gharama ya kuzitengeneza upya?
5. Itakuwa tayari siku gani? Nitarudi mwenyewe, au mtaituma kwa gari la kwetu?

Swali la tano ni la fedha pia. Miwani iliyopungua shilingi 500 lakini ikakurudisha Nairobi mara mbili kwa nauli yako mwenyewe haikupungua kitu.

Tofauti kubwa ya bei mara nyingi huwa katika fremu, kwa sababu ya jina lililoandikwa ubavuni. Jina hilo halioni. Kwa mkulima fremu njema ni ile iliyo imara, isiyobana masikio, na ambayo fundi wa kwenu anaweza kukaza parafujo yake. Ikiwa fremu yako ya zamani ni nzima, uliza kama waweza kutiwa lenzi mpya tu.

Juu ya lenzi, chagua za plastiki wala si za kioo, maana hazivunjiki upesi zikianguka. Rangi ya kuzuia mikwaruzo ina faida kwa mtu wa vumbi. Lenzi zinazogeuka nyeusi juani ni nzuri, lakini kofia pana hufanya sehemu ya kazi hiyo kwa bei ndogo zaidi. Ukiambiwa ulipe zaidi kwa lenzi za kuzuia mwanga wa buluu wa simu, shukuru, ukatae. Mwaka 2023 wataalamu wa Cochrane walikusanya majaribio 17 juu ya lenzi hizo, wala hawakuona dalili kwamba zinapunguza uchovu wa macho kwa muda mfupi kuliko lenzi za kawaida.

Kama wahitaji msaada wa kuona mbali na karibu pia, kuna lenzi za sehemu mbili, na kuna zile zinazobadilika polepole bila mstari. Hizi za mwisho huwa ghali zaidi. Uliza pia bei ya miwani miwili ya kawaida, mmoja wa mbali na mmoja wa kusomea. Pengine jumla yake itakuwa ndogo.

Wala usiogope kuuliza sana. Kuuliza si ujinga. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 chatoa haki kwa mnunuzi kupata bidhaa za ubora wa kufaa, na maelezo anayohitaji ili afaidike nazo. Muuzaji aliye mwema hapati taabu kueleza bei yake.

MIWANI YA BARABARANI

Wasomaji hutuuliza juu ya miwani ya kusomea inayouzwa barabarani. Je, huharibu macho? La, haiharibu. Ikiwa daktari amekwisha kukuchunguza, akaona kwamba macho yako mawili yana nguvu sawa, hayana kasoro ya umbo la yai, na shida yako ni kusoma tu, miwani hiyo yaweza kukutosha kwa bei ndogo sana. Namba zake kwa kawaida huanzia +1.00 mpaka +3.50. Mtu wa miaka 45 mara nyingi hutosheka na +1.00 au +1.50, na wa miaka 60 huhitaji +2.00 au +2.50. Shika gazeti umbali wa sentimita 40, ujaribu kuanzia namba ndogo, uchague ile ya kwanza inayokuwezesha kusoma bila taabu. Ni ya kusomea tu. Usitembee nayo wala kuendesha trekta.

Hatari yake ni kwamba mchuuzi haangalii ndani ya jicho. Upo ugonjwa uitwao glakoma, ambao watu wengine huita presha ya macho. Mara nyingi hauumi, huanza kula pembeni mwa macho kidogo kidogo, na kilicholiwa hakirudi. Mwenye kisukari naye sharti achunguzwe nyuma ya jicho kila mwaka. Na jicho likipoteza nuru ghafula, likiuma pamoja na wekundu, au likiona vimulimuli na kivuli kama pazia, usitafute miwani. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

USIWASAHAU WATOTO

Mimi nilisomea ualimu kabla ya kuwa karani, nami nawajua watoto wanaonakili kutoka daftari ya jirani kwa sababu ubao hawauoni. Huitwa wavivu, hupewa adhabu, na wao wenyewe hawajui kwamba wenzao wanaona zaidi.

Katika Trans Nzoia, mwaka 2015, Daktari Hillary Rono wa Kitale na wenzake walifanya jaribio katika shule 50. Walimu walipima macho ya watoto zaidi ya 20,000. Katika nusu ya shule hizo walimu walipima kwa simu, na wazazi wa watoto waliohitaji daktari wakakumbushwa kwa ujumbe wa simu. Katika shule hizo watoto 54 kwa kila 100 walioelekezwa hospitali walifika. Katika shule nyingine, zilizofuata njia ya kawaida, walifika 22 tu. Maana yake, hata pale ambapo shida ya mtoto imekwisha kuonekana, wazazi wengi hatumpeleki mpaka tukumbushwe. Basi makala haya na yawe ukumbusho wako. Na mtoto asinunuliwe miwani ya barabarani kamwe. Apimwe.

UKISHA NUNUA

Siku ya kuchukua miwani, toa karatasi yako, umwombe fundi apime lenzi mbele yako na kulinganisha namba. Soma maandishi madogo, kisha simama mlangoni utazame kibao kilicho mbali. Chukua risiti. Macho huchukua siku chache kuizoea miwani mipya. Kama kizunguzungu hakijaisha baada ya majuma mawili, irudishe.

Ioshe kwa maji na sabuni kidogo, uipanguse kwa kitambaa safi na laini. Usiipanguse kwa upindo wa shati lenye vumbi, maana vumbi la shamba ni msasa. Usiilaze kifudifudi juu ya meza, wala usiiache juani ndani ya gari. Upimwe tena kila baada ya miaka miwili hivi, maana macho hubadilika.

Malipo ya maziwa au ya chai yakija, kabla hayajapata njia nyingine, tenga nauli na ada ya kupimwa. Karatasi ya vipimo ikipatikana, iweke sanduku moja na hati ya shamba lako. Fedha za miwani yenyewe waweza kuzitafuta pole pole, ukiwa unajua ni kiasi gani hasa unachokitafuta.